Fisi Mmoja Anatosha

Wiki hii nimeweka kando barua za mahari na za mawifi, maana mmoja wenu, mhudumu mpya wa maktaba ya mkoa, ameniandikia akiwa na hofu kweli kweli. Bosi wake amemkabidhi kitengo cha watoto na kumtaka aandae asubuhi ya hadithi za wanyama kwa watoto wa miaka mitatu hadi sita. Ratiba yake kaniletea. Humo yumo simba, tembo, twiga, sungura, kobe, mamba, kiboko, kinyonga na punda milia, wote kati ya saa nne na saa sita.

Mdogo wangu, hiyo si asubuhi ya hadithi, hiyo ni safari ya Serengeti ndani ya basi lenye haraka. Wanyama watapita dirishani, watoto watapunga mikono, na jioni mama akiuliza "Leo mmesoma nini?" atajibiwa neno moja tu: "Wanyama." Punguza. Chukua mnyama mmoja ukae naye nusu saa na ushee. Mtoto amjue anavyotembea, anavyolia, anachokula, na vituko vyake pia. Arudi nyumbani akimwigiza mpaka bibi achoke. Hao wengine wana miezi yao, maktaba haihami.

Na ukiniuliza mimi, anza na fisi.

Najua umeguna. Kila mtu huanza na simba, au twiga kwa kuwa ndiye mnyama wetu wa taifa. Lakini jaribu kumwigiza twiga mbele ya watoto uone. Ukishanyoosha shingo umemaliza. Tembo naye ni mkono puani, basi. Fisi ana kicheko, ana mgongo ulioshuka nyuma, ana mwendo wa kama anayechechemea, ana njaa isiyokwisha. Halafu watoto wetu wanamfahamu tayari: ndiye mlafi, ndiye anayedanganywa na Sungura kila siku na kesho anarudi kudanganywa tena. Ukiwa na mnyama ambaye hadithi inasema hivi na porini yuko vile, una kazi ya kutosha bila kumwita hata jirani yake.

Tumalize kwanza mambo ya ofisini, maana hayana raha. Siku na saa waulize wenye mtaa wao. Jumamosi saa nne inapendeza kwenye karatasi, lakini kama uko mji wa pwani, watoto wengi saa hiyo wako madrasa, nawe utajikuta unawasimulia viti. Kwao saa kumi alasiri inafaa zaidi, jua limepungua na usingizi wa mchana umekwisha. Watoto wasizidi 15 au 20, na watu wazima wawe angalau wawili, mmoja wa kusimulia na mmoja wa kupeleka watu chooni. Huyo wa pili ndiye nguzo ya shughuli, usimpe kazi nyingine.

Na mahali. Maktaba zetu za mikoa tunazijua: viti vingi vimekaliwa na wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita waliokuja na madaftari yao kujisomea, kwa sababu nyumbani hakuna utulivu. Hao hawajaja kumsikiliza fisi akicheka, na ukiwaharibia masomo, bosi wako ataifuta shughuli hii kabla haijafikisha mwezi wa pili. Tafuta kibaraza, au chini ya mwembe kama upo. Tandika majamvi. Watoto wakae nusu duara wakiipa kisogo barabara, maana bodaboda moja tu ikipita na mzigo wa kuku, hadithi yako imekufa. Wewe ndiye ukae ukilitazama geti, umwone anayetoroka. Hakikisha pia jua haliwapigi machoni. Mtoto anayefinya macho hasikilizi.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe.

Hadithi ya kusimulia kwa mdomo iwe ile ya njia panda. Unaijua, hata kama unaijua kwa methali yake tu: njia mbili zilimshinda fisi. Ana njaa, anafika njia panda, harufu ya nyama inatoka kulia, harufu ya nyama inatoka kushoto, hataki kukosa hata moja, basi anapeleka mguu huku na mguu huku. Ni fupi mno. Ukiisema tu, inaisha kabla mtoto wa mwisho hajavua viatu. Ndiyo sababu nimeichagua: nafasi yote iliyobaki ni yenu, wewe na watoto.

Kwa watoto wadogo usianze na visa vya mafundo mengi. Kuna Kisa cha Punda wa Dobi, kwa mfano, kile ambacho mmisionari Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Zanzibar. Papa anataka moyo wa kima, kima naye anajiokoa kwa kusimulia kisa cha punda aliyerudi kwa simba mara ya pili. Mimi nakipenda sana, na watoto wa darasa la nne watakushukuru. Lakini ni hadithi iliyo ndani ya hadithi, na mtoto wa miaka minne atabaki anauliza papa kaenda wapi wakati wewe umeshafika kwa dobi.

Rudi kwa fisi wetu. Chora sakafuni kwa chaki mistari miwili inayoanzia mahali pamoja kisha ikaachana polepole, ikielekea huku na huku. Mwisho wa kila mstari weka kikapu kilichofunikwa kitambaa. Watoto wa upande wa kulia ni kijiji kimoja, kina harusi. Wa kushoto ni kijiji kingine, nacho kina harusi siku hiyo hiyo. Wape kazi mapema: hawa wakoroge sufuria ya pilau, wale wapepee mishikaki. Mtoto mwenye kazi hamsukumi mwenzake.

Jitupie khanga begani, simama pale mistari inapokutana, uite "Paukwa!" Wakikutumbulia macho usilalamike, wengi hawajawahi kuitikiwa wala kuitikia. Wafundishe "Pakawa!" mara mbili tatu, kila mara kwa nguvu zaidi. Kisha shusha sauti ghafla, uanze.

Fisi anakuja. Usimwelezee, mlete. Inamisha mabega, legeza magoti, tembea kwa kuvuta mguu mmoja. Fika njia panda unuse. Fu, fu, fu. Nyamaza. Huo ukimya usiuogope hata kidogo, watoto watajaza wenyewe kwa kucheka na kuziba midomo. Harufu ya pilau ikufikie, piga hatua moja kulia, kijiji cha kulia kishangilie. Halafu mishikaki. Igeuze shingo kwanza, yafuate macho, na mguu uwe wa mwisho. Mguu wa kulia usiuondoe ulipo. Sasa sogeza kidogo huku, kidogo kule, na kwa sababu mistari inaachana, miguu yako itaachana pia, wala hutahitaji kueleza chochote. Watapiga kelele "Njoo huku! Njoo huku!" mpaka mishipa ya shingo iwatoke. Hapo usikimbilie mwisho. Mwache fisi ababaike, atazame juu, ajikune, ajiambie "Nikienda kulia nitakosa mishikaki, nikienda kushoto nitakosa pilau," arudi kunusa. Unaelewa sasa kwa nini nakukataza sketi ya kubana. Vaa dera au suruali, na kama magoti yanakusumbua, mpe kazi hiyo kijana anayejitolea hapo maktaba.

Mwisho wenyewe, wazee wetu wanasema fisi alipasuka msamba akafa. Kwa umri huu mimi ningemwacha aanguke tu, puu!, na vijiji vyote viwili vifunue vikapu vyao na kula yeye akiwa chini amelala chali. Si kwamba watoto hawawezi kusikia habari ya kifo, kila sikukuu wanaona kuku anachinjwa uani. Ila ukimuua fisi sasa, kipindi kilichobaki utamtoa wapi? Bado unamhitaji. Ndani ya vikapu weka ndizi mbivu zilizokatwa. Njugu na karanga nzima kwa watoto wa chini ya miaka mitano hapana, zinaweza kuwapalia. Na kabla hujagawa chochote waulize wazazi, maana kuna mtoto asiyepatana na chakula fulani, na kuna siku za mfungo pia.

Halafu tafadhali, mdogo wangu, lile swali la shuleni, "Hadithi hii inatufundisha nini?", liache huko huko shuleni. Ukiliuliza tu watakaa wima, wanyooshe vidole na kukuambia unachotaka kusikia. Uliza: "Ungekuwa wewe fisi, ungefanyaje?" Yupo atakayesema angekula kulia kwanza halafu kushoto. Yupo atakayewatuma watoto wake. Yupo atakayesema angekwenda kwa bibi. Yote yapokee, na mwenye jibu la ajabu kuliko wote muongezee swali la pili: bibi angempikia nini?

Wakishatulia, vua khanga, ikunje mbele ya macho yao, iweke kando. Waambie kwamba khanga ikiwa begani tuko kwenye hadithi, ikiwa chini tunasema mambo ya kweli. Fanya hivyo kila mwezi nao watazoea, utaona hata wakikukumbusha: "Anti, hujavaa!" Sasa onyesha picha ya fisi madoa, kubwa, iliyochapwa kwenye karatasi nzima, si ya kwenye simu yako inayozunguka na kioo kilichopasuka.

Hapa ndipo fisi anapolipa. Yule mlaji wa mabaki tu tunayemcheka si fisi wa porini. Mwanasayansi mmoja Mholanzi, Hans Kruuk, aliwafuatilia fisi wa Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, na kitabu chake cha mwaka 1972 kikaonyesha kwamba fisi hawa ni wawindaji hodari, na pengine ni simba ndiye anayekuja kuwanyang'anya walichoua. Hayo ya Kruuk ni yako, watoto waambie kwa ufupi: "Simba anamwibia fisi." Tazama nyuso zao. Waambie kwamba kwao mkubwa ni mama, majike ni wakubwa kwa umbo kuliko madume na ndio wenye amri. Waambie watoto wa fisi madoa huzaliwa weusi, bila madoa, macho yakiwa wazi, si kama paka wa kwao anayezaliwa macho yamefumba. Na waambie lile wasilolitarajia kutoka kwa mtu wa maktaba, kwamba fisi hutafuna hata mifupa kwa meno yake, na kwa sababu ya mifupa hiyo kinyesi chake kikikauka huwa cheupe kama chaki. Nakuhakikishia, katika yote utakayosema siku hiyo, hili ndilo litakalosimuliwa mezani usiku. Kuna wazazi watakaokunja uso. Waache wakunje.

Jiandae na jingine. Huenda mtoto akasimama na kusema kwao wanasema wachawi hupanda fisi usiku. Usimcheke, usimkemee, na usisimame mbele ya watu kumwambia bibi yake ni mwongo. Ichukue khanga, mwonyeshe, muulize: "Hiyo tuiweke kwenye khanga au chini?" Muachie akili yake ifanye kazi. Kama ameogopa kweli, msaidizi wako amkalishe karibu, mwendelee na masikio.

Masikio, naam. Vinyago vya uso mzima vinapendwa na watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu akivishwa hukosa hewa, haoni mbele, na mwenzake anayemtazama hulia. Tengeneza utepe wa karatasi ya manila wa kuzunguka kichwa, wenye masikio mawili ya mviringo. Vyote uvikate wewe nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, usitegemee mikasi ya pale. Kazi ya mtoto ni kubandika madoa tu: vipande vya karatasi ya kahawia na uji mzito wa unga wa ngano kwa gundi. Mtoto akibandika madoa yote kwenye sikio moja, ni fisi wake huyo. Mnyama mmoja ana faida hapa pia, hakuna anayelia kwamba alitaka masikio ya simba. Na siku utakayofikiria mnyama kama nguruwe, kumbuka si kila mzazi atafurahi kumwona mwanawe anarudi na pua hiyo usoni. Uliza kwanza.

Wakishavaa, watembee kifisi kuzunguka mwembe. Wanuse, wacheke kile kicheko cha juu. Acha kelele zifike kileleni, halafu zishushe kwa mpango: fisi amechoka, fisi ananyata, fisi anajikunja, fisi analala. Wakilala, ndipo ufungue kitabu.

Ndiyo, kitabu kinakuja mwisho. Watu wengi hukianza wakati damu bado inachemka, kisha wanashangaa kwa nini hakuna anayetazama. Chagua chenye picha kubwa na sentensi moja au mbili kila ukurasa. Si lazima kiwe cha fisi, lakini awemo hata kama ni kwa kupita. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukitoa vitabu vya Kiswahili tangu 1991, kwa hiyo tazama vizuri kwenye rafu zenu, huenda vimo, vimefunikwa na ensaiklopidia. Kama rafu ni tupu, African Storybook, wale walioanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India wana hadithi za Kiswahili zinazopatikana bure mtandaoni, na leseni zao zinaruhusu kuzichapa. Soma kwa sauti nyumbani kwanza, maana Kiswahili cha baadhi yake kinahitaji mkono wako.

Na yale maboksi ya msaada yenye vitabu vya Kiingereza, dubu wamevaa makoti ndani ya theluji? Vizuri, vipo, vina picha nzuri. Ila usitafsiri papo hapo mbele ya watoto, utaanza kujing'ata ulimi ukurasa wa pili. Andika Kiswahili chako kwenye vikaratasi, uvibandike kila ukurasa, na usijione una deni kwa kila neno la mwandishi. Ukisoma, kishike kitabu pembeni ya uso wako, kiwatazame wao. Fungua ukurasa, wape muda waione picha, kisha ndipo usome. Na kipitishe polepole kutoka ncha moja ya nusu duara hadi nyingine, maana aliyeko pembeni naye amekuja.

Kuna mtu atakuja na wazo la kuleta mnyama hai. Atasema ana mjomba mwenye kobe. Kataa kwa adabu. Mnyamapori hafugwi wala haazimwi bila kibali, na kobe, pamoja na upole wake wote, anaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoharisha watoto. Paka wa maktaba akipita mwenyewe, sawa, huyo ni mfanyakazi.

Wazazi nao usiwaache nyuma na simu zao. Wape sauti ya upepo, au wawe wageni wa harusi wanaopiga vigelegele. Wengi watakaoleta watoto watakuwa madada wa kazi. Wasalimie kama wageni wako, wape jamvi, usiwaache wamesimama getini. Wao ndio watakaosimulia tena nyumbani Jumatatu. Akina mama wakiomba kupiga picha, kila mmoja ampige wake. Picha za watoto wote zisiende kwenye ukurasa wa maktaba mpaka wazazi wenyewe wamekubali.

Kabla hawajatawanyika, panga vitabu vya watoto kwenye meza fupi, majalada yakiwa juu, na fomu za uanachama ziwe hapo hapo, pamoja na kalamu zinazoandika. Usiseme "karibuni tena siku nyingine," taja tarehe. Taja na mnyama. Mimi ningemleta kinyonga, maana baada ya fisi utahitaji mtu wa mwendo wa pole. Nyoka msubirishe kidogo, si kwa ajili ya watoto, bali kwa ajili ya hao akina mama waliokaa nyuma.